Jinsi ya kusoma vitabu vya kutisha vya siku hizi na kumpendekezea mtu kinachomfaa

Vitabu vya kutisha vya miaka hii ni vizuri mno ila vinapendekezwa vibaya, mtu anasema nipe kitu kinachotisha anatajiwa chochote ambacho kila mtu anakiongelea, anasoma kurasa chache anakiacha, alafu anasema hizi stori sio zake. Zake zipo, ni vile hakuna aliyemuuliza anaogopa nini.

Maana hofu hazifanani kabisa. Kuna ambaye nyumba yenye milango inayojifungua yenyewe inatosha kumfanya akeshe, kuna ambaye mizimu haimsumbui hata chembe ila mwili wa mtu ukianza kubadilika, ngozi, meno, kitu kinaota ndani kwa ndani, hapo anafunga kitabu, na kuna sisi ambao kinachotumaliza ni kutojua kama mhusika anaona kweli au akili zinamruka. Kwa iyo kabla hujataja jina lolote muulize, ni stori au muvi gani iliwahi kukukaa kichwani na ni sehemu gani hasa ya hiyo stori. Alafu muulize ambacho hataki kabisa kukisoma: watoto kuumizwa, ubakaji, mtu kujiua, wanyama kuteswa. Usimuulize kwanini, chukua jibu lake tu.

Sasa huwezi kupendekeza vizuri kama wewe mwenyewe unasoma ukisubiri jitu litokee. Siku hizi jitu mara nyingi limetokana na kitu watu walichofanya zamani wakanyamaza. Mfano The Only Good Indians ya Stephen Graham Jones, ya 2020, yeye ni wa Blackfeet, kabila la Wenyeji wa Marekani, na stori ni ya wanaume wanne wa kabila hilo waliowinda elki, aina ya kulungu wakubwa, kwenye eneo walilokatazwa, na miaka 10 baadaye lile tendo linawafuata mmoja mmoja. Ukihesabu vifo tu utaona inaenda polepole, ila ukiangalia yale majuto na jinsi kila mmoja anajaribu kuishi kama hakuna kilichotokea, utaona kwanini inauma. Na The Reformatory ya Tananarive Due, 2023, ipo Florida mwaka 1950, mtoto mweusi anapelekwa shule ya marekebisho na anaona mizimu ya wavulana waliofia pale, ila wanaotisha kweli ni watu wazima walio hai. Mwandishi alianzia kwenye jambo la kweli, ndugu wa upande wa mama yake alifia kwenye shule ya Dozier, shule ya marekebisho ya kweli huko Florida, mwaka 1937. Ukijua hilo unasoma tofauti kabisa.

Kama mtu ndo anaanza usimpe kitabu kinene. Hofu inajengwa kidogo kidogo, ukiisoma vipande vipande huku unajibu meseji inakatika, kwa iyo mpe kifupi anachoweza kumaliza kwa kikao kimoja au viwili. Fever Dream ya Samanta Schweblin wa Argentina ni fupi sana, mwanamke anakufa hospitali na mtoto wa kiume ambaye sio wake anamhoji akumbuke kilichotokea, yani huruhusiwi kupumua. What Moves the Dead ya T. Kingfisher, 2022, nayo ni fupi ila ina ucheshi ndani yake, kinachotisha humo ni uyoga na upo toka mwanzo kabisa, ile nampa mtu mwoga bila wasiwasi. Na mikusanyo ya hadithi fupi msiisahau jamani, ya Mariana Enriquez, naye wa Argentina, unaweza kusoma hadithi moja kwa usiku na inatosha kabisa.

Ukiishiwa majina angalia tuzo za vitabu vya kutisha, Bram Stoker zipo toka 1987 na Shirley Jackson toka 2007, ila soma listi nzima ya waliofika fainali, hasa vitabu vya kwanza na riwaya fupi, washindi utawasikia tu hata usipowatafuta.

Jinsi ya kumwelezea mtu kitabu sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Sema hali ilivyo mwanzoni mwa kitabu, hofu yake ni ya aina gani, inaenda kasi au taratibu, kuna nini cha kuumiza ndani, na kama mwisho unaelezwa au unaachiwa mwenyewe. Usiseme subiri ufike mwisho utashangaa! Ukishasema hivo umemharibia uhondo hata kama hujataja chochote, maana atasoma kitabu kizima anabahatisha badala ya kuogopa. Mfano mimi A Head Full of Ghosts ya Paul Tremblay naielezea hivi: binti wa miaka 14 anaanza kubadilika, familia haina hela, wanakubali kamera za tivii ziingie nyumbani kwao, na mdogo wake ndo anasimulia akiwa mkubwa. Hutajua kwa uhakika kama ni pepo au ni ugonjwa. Kuna watoto wanaoumia, kama hilo ni zito kwako acha. Basi, inatosha.

Na kwa vile vizito usifiche. Tender Is the Flesh ya Agustina Bazterrica inahusu dunia ambako nyama ya watu inauzwa kihalali na machinjio yameelezwa hatua kwa hatua, mtu anatakiwa ajue hilo kabla hajafungua, sio afike katikati akuchukie.

Akirudi akasema hakijamtisha usianze kukitetea. Muulize alichoka ukurasa gani, kama ni mwanzoni mpe chenye kasi zaidi, kama alifika mwisho akakasirika kwa sababu hakuna maelezo basi mpe chenye jibu wazi.