Kabla Hujachora Mstari wa Nauli: Mambo ya Kuzingatia

Mwanafunzi akiambiwa "andika mlinganyo, kisha chora grafu", mkono unakimbilia rula. Rula ndiyo ya mwisho. Kazi yenyewe imo kwenye sentensi za swali, na alama nyingi hupotelea hukohuko.

Chukua bodaboda. Dereva mmoja anasema: "Kilomita ya kwanza buku, kila inayozidi mia nne." Mwenzake anasema: "Kupanda tu buku, halafu mia nne kila kilomita." Ukisikiliza harakaharaka utadhani ni bei moja. Kwa huyu wa pili, nauli N kwa kilomita k ni N = 400k + 1000. Kwa wa kwanza, ile buku imeshalipia kilomita moja, kwa hiyo mia nne zinahesabiwa kwa kilomita zilizobaki tu: N = 1000 + 400(k − 1), yaani N = 400k + 600. Safari ya kilomita 4 ni shilingi 2,200 kwa wa kwanza na 2,600 kwa wa pili. Tofauti hiyo ya 400 haiongezeki wala kupungua hata uende mbali vipi, ndiyo maana kwenye grafu mistari yao inakwenda sambamba.

Basi kabla ya herufi yoyote, pigia mstari maneno kama "ya kwanza", "inayozidi", "kila" na "kuanzia". "Kila" karibu siku zote ndiyo inayobeba mteremko, ile m ya y = mx + c. Hiyo c, yaani thamani ya y pale x ikiwa sifuri, ina ujanja zaidi: dereva wa kwanza hakutamka 600 popote, na hakuna abiria atakayelipa 600. Mstari wake halali unaanzia kilomita 1. Kipande cha kutoka hapo kurudi kwenye sifuri kichore kwa nukta, au kiache kabisa.

Jiulize pia kama kweli ni mstari. Dereva anayehesabu nusu kilomita kama kilomita nzima, nauli yake haipandi taratibu, inaruka, na grafu yake inakuwa ya ngazi. Maswali ya darasani hulinyamazia hili; mtaani lipo kila siku.

Pengine swali halina "kila", lina jozi mbili za namba. Usawa wa bahari, maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo ni 32 za Farenhaiti, na huchemka kwenye 100, ambazo ni 212. Farenhaiti imepanda 180 wakati Selsiasi imepanda 100, mteremko ni 180/100, yaani 1.8, na mlinganyo ni F = 1.8C + 32. Unapotoa, ukianza na jozi ya pili juu, anza nayo na chini. Ukichanganya, mstari unaopaswa kupanda utashuka.

Skeli ipange kabla ya kuchora mhimili. Nauli inategemea umbali, hivyo kilomita zikae mlalo na shilingi wima. Kwa safari ya hadi kilomita 8, nauli ya juu kwa dereva wa kwanza ni 3,800. Sentimita 2 kwa kilomita 1 na sentimita 2 kwa shilingi 500 zinaenea vizuri kwenye karatasi ya grafu. Epuka sentimita 2 kwa 300, utahangaika na mafungu yasiyogawanyika. Pointi mbili zinatosha kupata mstari, ila weka tatu: (1, 1000), (4, 2200), (8, 3800). Moja ikikaa pembeni, kuna hesabu imekosewa.

Mpaka wa upande wa pili nao uutafute mapema. Tenki la lita 1,000 linalotumika lita 80 kwa siku, maji M yanayobaki baada ya siku s ni M = 1000 − 80s. Mstari unashuka na kugusa mhimili wa siku kwenye 12.5; ukiuendeleza, umeandika kwamba tenki lina maji hasi.

Penseli iwe imechongwa, majina ya mihimili na vipimo vyake viandikwe. Kisha chagua pointi ambayo hukuitumia, tuseme kilomita 6. Grafu ya dereva wa kwanza isome 3,000, mlinganyo utoe 400 × 6 + 600, na maneno yake yaseme buku pamoja na mia nne mara tano. Zisipolingana, rudi kwenye maneno kwanza.