Jinsi ya kutembelea Kapadokia ukitokea Uganda: makanisa, nyumba na miji ndani ya mwamba

Kapadokia inayotajwa katika Matendo ya Mitume 2:9 iko katikati ya Uturuki, na anayetaka kuizuru vizuri aanze kwa kuuelewa mwamba wake. Volkeno kama Erciyes (mita 3,917) na Hasan zilimwaga majivu mengi mamilioni ya miaka iliyopita. Majivu yakashikana yakawa jiwe laini liitwalo tufu, na mahali pengine juu yake pakatandazwa basalti, jiwe gumu la volkeno. Mvua hula tufu, basalti hukinga kilicho chini yake, ndipo zikabaki nguzo ndefu zenye kofia. Tufu huchongeka kwa sululu, kisha uso wake hukaza ukipigwa na hewa. Ndiyo maana watu wa huko walichimba nyumba, mazizi na makanisa badala ya kuyajenga.

Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya Uturuki, na aishughulikie kabla ya kulipia nauli. Kuna ndege za kutoka Entebbe hadi Istanbul. Hapo ndipo wengi hukwama: Istanbul ina viwanja viwili vya ndege, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Ukikata tiketi ya kuunganisha inayoondoka kiwanja kingine, utavuka jiji zima na mizigo yako, na foleni ikikukamata ndege itakuacha. Soma jina la kiwanja, usitazame jina la jiji tu. Kutoka hapo ruka hadi Nevşehir au Kayseri. Kayseri iko mbali zaidi, kama kilomita 75 kutoka kijiji cha Göreme, lakini mara nyingi ina ndege nyingi.

Saa ya Uturuki ni sawa na yetu, kwa hiyo hutabadili kitu. Beba dola, kwa maana shilingi ya Uganda hutapata pa kuibadilisha kule. Beba pia adapta: soketi zao ni za pini mbili za duara. Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, utaulizwa ukirudi Entebbe.

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Desemba hadi Februari kuna theluji, na sisi tuliozoea jua la saa moja asubuhi mwaka mzima tunashangazwa na mapambazuko yao: Juni jua huchomoza mapema baada ya saa kumi na moja alfajiri, Desemba karibu saa mbili asubuhi. Baluni za hewa moto zinazobeba watalii hupaa mapambazuko, kwa hiyo saa ya kuchukuliwa hotelini hubadilika sana. Upepo ukizidi, mamlaka ya anga huzuia baluni zote. Weka safari ya baluni asubuhi ya kwanza kabisa na ulale angalau usiku tatu; anayeiweka siku ya mwisho hana pa kuisogeza.

Makanisa ya Göreme, yaliyo ndani ya makumbusho ya wazi yenye lango, yapewe nusu siku nzima, na ufike lango linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii. Vyumba ni vidogo. Watu kumi na tano wakiingia, huoni kitu. Lipa ada ya ziada ya Karanlık, yaani Kanisa la Giza. Wengine huipita ili kuokoa pesa, na hilo ni kosa: mwanga kidogo tu ndio uliokuwa ukiingia humo, ndiyo sababu rangi za karne ya 11 bado zimekolea. Kanisa la Tokalı liko nje ya lango, ng'ambo ya barabara, na tiketi ileile inakuingiza, usiitupe. Tazama nguzo kwa makini. Zimechongwa kuiga makanisa ya kujengwa, lakini hazibebi chochote, na mahali pengine nguzo imevunjika huku paa limesimama vilevile. Kupiga picha ndani kumekatazwa. Usiguse kuta wala kuziegemea: chini ya rangi ni tufu ileile laini, na nyuso nyingi za watakatifu zimekwisha kukwaruzwa.

Kwenye mabonde ya Güllüdere na Kızılçukur, vaa viatu vyenye meno. Chembe za tufu hubiringika chini ya soli, na baada ya mvua njia huwa utelezi. Beba maji lita moja na nusu, pamoja na ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Usipande ngazi za kale zilizochongwa ukutani. Kingo zake humomonyoka bila dalili.

Mwisho ni miji ya chini ya ardhi. Derinkuyu hushuka takriban mita 85, ingawa mgeni haruhusiwi kufika kote. Mji wa Kaymaklı una njia zenye dari la chini zaidi zinazokulazimu kuinama. Ndani kuna baridi mwaka mzima, vaa sweta. Mwenye pumu, magoti mabovu au hofu ya mahali pa kubana abaki ghorofa ya kwanza, kwa kuwa njia hupitisha mtu mmoja mmoja na kundi likikufuata huwezi kugeuka. Tafuta milango ya mawe ya duara, iliyobiringishwa kutoka ndani kumzuia adui. Mishale myekundu huongoza kushuka, ya buluu kutoka.