Antena kwanza, kiwango baadaye
Ukifunga kipima unyevu cha LoRa (mawasiliano ya redio ya masafa marefu yanayotumia umeme kidogo) katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kilichozama ndani ya migomba ya Kibosho au Marangu, usikate tamaa mawimbi yakifika hafifu, kwa sababu teknolojia hii haitegemei nguvu bali subira: kifaa hutandaza kila alama ya ujumbe kwa muda mrefu zaidi, na kipokezi huweza kuutambua hata ukiwa desibeli 20 chini ya kelele za mawimbi mengine ya redio. Gharama yake ni betri. Kiwango cha utandazaji huanzia 7 hadi 12, na kila hatua ya kupanda huongeza muda wa kutuma karibu maradufu. Kwa hiyo, na hili nalisisitiza, kabla ya kupandisha kiwango hicho, inua antena ya kituo cha kupokelea ipite migomba, ambayo majani yake yenye maji mengi hufyonza mawimbi.