Namna ya Kusaka Dawa Mpya katika Udongo wa Mtwara na Lindi kwa Njia ya Vinasaba

Bakteria wengi wa udongoni hawakubali kuoteshwa maabara, lakini maelekezo ya kutengeneza dawa zao yamo katika vinasaba, ambavyo vinaweza kutolewa udongoni moja kwa moja. Kwa njia hiyo, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza malasidini, viuavijasumu vinavyomuua hata bakteria Staphylococcus aureus aliye sugu kwa dawa.

Pata kwanza kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ridhaa ya serikali ya kijiji, kisha uchague maeneo yanayotofautiana, kama tope la mikoko ya Mikindani, msitu wa Rondo na shamba la mikorosho la Newala. Kwenye mikorosho, muulize mwenye shamba ni lini alipuliza salfa mara ya mwisho, kwa kuwa salfa huongeza tindikali ardhini na kubadilisha bakteria waliopo. Jibu lake liandikwe pamoja na tarehe, mahali na kina. Ondoa majani makavu, chota udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 10 kwa kijiko kilichopanguswa spiriti, utoe mizizi, kisha uuweke mara moja ndani ya deli lenye barafu.

Hatua inayodai subira kuliko zote ni kutoa vinasaba, na ndiyo ninayoona inaharakishwa mno. Jeni zinazotengeneza dawa moja kwa kawaida hukaa jirani kwenye uzi mmoja mrefu, hivyo usizipasue seli kwa kuzitikisa na shanga ndogo za maabara, usije ukaukata uzi huo; tumia sabuni ya maabara na joto, ukigeuza chupa polepole. Kimiminika kikiwa na rangi ya chai, kina asidi za humiki, zitokanazo na mimea iliyooza, zinazozuia PCR (njia ya kunakili vinasaba maabara), kwa hiyo kisafishwe tena kwa jeli.

Hifadhi vipande vya vinasaba vya takriban bezi (herufi za vinasaba) 35,000 hadi 40,000 ndani ya E. coli, bakteria wa maabara. Kwa PCR, nakili sehemu za jeni zisizobadilika sana, usome mfuatano wake wa bezi na kuulinganisha na mifuatano inayojulikana. Unaofanana na wa dawa ya zamani uache. Vipande vyenye mfuatano mgeni viunganishwe na kuhamishiwa kwa Streptomyces albus, bakteria anayeoteka kwa urahisi. Dondoo lake lijaribiwe dhidi ya bakteria wa magonjwa, sambamba na la Streptomyces asiyewekewa kitu, kwani naye hutengeneza kemikali zake mwenyewe, na pia kwenye seli za binadamu, ili sumu ya kawaida isidhaniwe kuwa dawa.