Namna ya kuunywa mvinyo wa Nebbiolo bila kuuonea

Mara tatu sasa, kila Oktoba, nimechuma Nebbiolo, zabibu ya mvinyo mwekundu, kwa familia moja ya La Morra, mkoani Piemonte, Italia. Nikirudi na chupa, wageni wangu hukosea palepale: wakiuona rangi yake imepauka wanadhani umetiwa maji, wakionja wanakunja midomo.

Ule ni ukakasi, kama wa ndizi mbichi au chai iliyokolea mno. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ndio unaoufanya mvinyo huu ukae chupani miaka mingi. Usiukimbie, upe muda.

Soma lebo kwanza. Barolo, mvinyo wa Nebbiolo wa hukohuko Piemonte, kisheria husubiri miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya pipa la mti. Barbaresco, ndugu yake wa zabibu hiyohiyo, miezi 26. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, nunua Langhe Nebbiolo. Zabibu ni ileile, ila huu hunyweka mapema na bei yake ni nafuu.

Unywe ukiwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Sebule ya Dar es Salaam haina ubaridi huo, kwa hiyo tia chupa kwenye friji kama saa moja. Ukizidi ubaridi, ukakasi unakuwa mkali zaidi.

Kung'oa kizibo tu hakutoshi. Mimina mvinyo kwenye jagi pana saa mbili kabla ya chakula. Mama wa ile familia humimina kidogo katika glasi, anaiacha mezani karibu na mkate, anarudi kwenye sufuria yake. Baadaye ananiita ninuse: waridi kavu, cheri, halafu lami. Lami kabisa, ya barabara mpya jua la saa saba! Siku ya kwanza sikuamini pua yangu.

Chupa ya zamani isimamishe tangu jana yake, umimine polepole, uache mashapo yakifika shingoni.

Mezani weka nyama yenye mafuta: mbavu za ng'ombe zilizoiva taratibu, au jibini gumu. Pilipili iweke mbali, inauwasha mdomo maradufu, na samaki atauacha na ladha ya chuma.

Bakiza glasi moja chupani, uizibe. Ionje kesho jioni: ukakasi umelegea, na waridi ndiyo kwanza linanukia.