Leseni ya GMRS: unaombaje kama uko Marekani

Wabongo mlioko Marekani, zile redio za upepo za mkononi mnazonunua ili msafara wa harusi usipotezane barabarani, angalieni boksi kwanza. Ikiandikwa FRS tu (huduma ya redio za familia), tumia, haihitaji leseni ila nguvu yake mwisho wati 2. Ikiandikwa GMRS (huduma nyingine ya redio, hii ya leseni) hapo unatakiwa uwe na leseni ya FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na watu wanaiogopa bure kabisa, hakuna mtihani wala si lazima uwe raia, ilimradi umefika miaka 18 na huwakilishi serikali ya nje.

Anzia tovuti ya FCC, sehemu inaitwa CORES, ndo mfumo wao wa kujisajili na kulipia. Fungua akaunti kwa imeili yako, bonyeza ile linki ya kuthibitisha, halafu omba FRN, ni namba ya tarakimu 10 ya kukutambua, na hapo chagua mtu binafsi maana kampuni hawaipi leseni hii. Soshoseki namba (Social Security Number) uwe nayo karibu.

Ukishapata FRN ingia ULS, mfumo wa FCC wa leseni, sehemu ya License Manager, omba leseni mpya, ile orodha ni ndefu we shuka tu mpaka ZA, ndo GMRS yenyewe. Maswali ya viambatisho na kusamehewa ada wengi wetu jibu ni hapana, ila wakiuliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai (felony), sema ukweli. Saini ni kuandika jina lako. Kisha rudi CORES ulipe dola 35 kwa kadi, siku 10 zisipite hujalipa, ombi litatupwa.

Leseni inakuja kwa imeili ikiwa na kolisaini yako, yaani utambulisho wako wa hewani, inadumu miaka 10, na uzuri wake mkubwa inabeba familia: mume au mke, watoto, wazazi, ndugu, shangazi, wajomba, wapwa, mpaka mashemeji. Binamu hayumo jamani, huyo aombe yake.

Hewani shikilia kitufe, subiri kidogo ndo uongee, ukimaliza achia, maana ukiwa umebonyeza husikii mtu. Taja kolisaini kila dakika 15 na mnapomaliza. Na zile kodi (code) za praivasi za kwenye redio zinakuzuia wewe tu kuwasikia wengine, wao wanakusikia vizuri, kwa hiyo namba za kadi za benki msitajiane humo.