Kuzungushia Manzuki Mipaka Yenye Eneo Dogo Kabisa

Mfugaji wa nyuki wa Tabora anayepima manzuki yake katika pori la miombo huwa na nukta moja kwa kila mzinga, na hutaka mpaka usiopinda kuingia ndani, unaoifunika mizinga yote kwa eneo dogo kabisa. Ikiwa idadi ya pande haijawekewa kikomo, jibu ni umbo ambalo kamba iliyokazwa kuzunguka vigingi vyote ingelichora. Hapa nitaliita ganda mbinuko.

Kwanza badili latitudo na longitudo ziwe mita. Tabora mjini imo katika kanda ya 36 kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, na Kigoma mjini imo katika ya 35, kwa hiyo vipimo vya kanda hizo mbili visichanganywe.

Tuseme mizinga sita iko A(0,0), D(10,40), E(30,30), F(40,20), C(50,60) na B(60,20). Nimeipanga kwa x, kuanzia ndogo, kama inavyotakiwa na njia aliyoichapisha Andrew mwaka 1979. Pitia orodha ukichukua nukta tatu tatu, P, Q na R, na ukokotoe (xQ−xP)(yR−yP)−(yQ−yP)(xR−xP). Jibu likiwa chanya, njia inageuka kushoto na Q inabaki. Likiwa sifuri au hasi, futa Q, kisha urudi nyuma na kupima tena kabla ya kusonga mbele, hatua ambayo wanaoanza huisahau mara nyingi. Kwa A, D na E tunapata −900, hivyo D inaondoka, na ukiendelea hadi mwisho upande wa chini unabakiwa na A na B tu. Rudia kazi hiyo kutoka kulia kwenda kushoto, nawe utapata B, C, D na A. Ganda letu, basi, ni ABCD, lenye mita za mraba 2,000, na mizinga E na F imo ndani yake.

Mara nyingi, hata hivyo, mwenye eneo hutaka mstatili, maana ni rahisi kuupima kwa kamba. Freeman na Shapira walithibitisha mwaka 1975 kwamba mstatili mdogo kabisa huwa na upande mmoja uliolala juu ya upande wa ganda, kwa hiyo inatosha kujaribu pande nne. Ukilaza mstatili juu ya AB unapata mita za mraba 2,730. Juu ya CD, 2,880. Juu ya BC, karibu 2,906. Na juu ya DA, karibu 3,753. Huo wa mwisho ni mbaya kuliko hata mstatili uliofuata kaskazini na mashariki, wenye 3,600, kwa hiyo usichague upande kwa kukisia.

Kwa nukta maelfu, kupanga ndiko kunakokula muda. Ganda likishapatikana, mbinu ya kuzungusha mistari sambamba, aliyoieleza Toussaint mwaka 1983, hupitia pande zote kwa mzunguko mmoja.